Wanaopunguza uzito waelezwe mapema kuhusu ngozi ya mapaja

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa nikizisoma kwa makini makala za afya ambazo gazeti lako huchapisha kuhusu watu waliopunguza uzito mkubwa, wengine kwa kubadili chakula na kufanya mazoezi, wengine kwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, na siku hizi wengine kwa sindano za kila wiki. Ni makala njema na zimewatia moyo wengi. Hata hivyo karibu zote hukomea kwenye mizani: msomaji huambiwa mhusika alikuwa na kilo ngapi na sasa ana ngapi, basi. Mimi ni muuguzi wa upasuaji, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuhudumia vidonda vya watu waliokwisha kupungua, wakabaki na ngozi iliyolegea, wakaamua ikatwe. Naomba nafasi niandike juu ya sehemu moja tu ya mwili, yaani mapaja, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, na ndiyo ambayo wagonjwa huniambia, tayari wakiwa na nyuzi mwilini, kwamba hakuna aliyewaeleza sawasawa kabla ya kupasuliwa.

Nianze na ngozi yenyewe. Ngozi ya binadamu ina nyuzinyuzi za kolajeni zinazoipa uimara, na za elastini zinazoirudisha mahali pake baada ya kuvutwa. Mtu anapoishi na unene mkubwa kwa miaka mingi, nyuzinyuzi hizo huvutwa kupita uwezo wake. Nyingine hukatika, nyingine hupoteza mpangilio wake, na mafuta yanapoondoka chini yake ngozi haina tena nguvu ya kunywea ifuate umbo jipya. Umri huongeza tatizo, sigara huongeza, kupanda na kushuka kwa uzito mara kwa mara huongeza, na urithi nao una sehemu yake, ndiyo maana watu wawili waliopungua kilo zilezile huweza kubaki na miili isiyofanana hata kidogo. Hakuna mafuta ya kupaka yanayoweza kuunganisha upya elastini iliyokatika, na inasikitisha kuona fedha ambazo watu hupoteza kwa kuahidiwa hivyo. Mazoezi ni mema kwa moyo na kwa misuli, lakini misuli ya paja hata ikikua namna gani haitajaza ngozi iliyokuwa imebeba mafuta mengi. Zile mashine za kupasha ngozi joto kwa mawimbi ya redio au ya sauti huweza kumfaa kidogo mwenye ulegevu mdogo. Kwa mtu aliyepungua nusu ya uzito wake hazifui dafu.

Upande wa ndani wa paja una taabu yake ya pekee. Ngozi ya hapo ni nyembamba kuliko ya upande wa nje, inaning'inia kuelekea goti, na tofauti na ngozi ya tumbo ambayo hulala mahali pamoja, hii husuguana na mwenzake kwa kila hatua. Jasho hubaki kwenye mikunjo, ngozi huchubuka, fangasi huota kwenye unyevu, na mahali palipochubuka bakteria hupata njia ya kuingia. Nimewaona watu waliopona kisukari na shinikizo la damu kwa jitihada zao wenyewe, lakini ambao hawawezi kutembea mwendo wa saa moja bila mapaja kuwaka moto. Wameambiwa kwamba ili uzito usirudi ni lazima wafanye mazoezi, na hicho ndicho kitu ambacho mapaja yao yanawazuia kufanya. Wapo walioacha kuogelea, wapo wanaovaa nguo ndefu nzito wakati wote, na wapo ambao unyumba wao umeingia doa kwa sababu hawataki hata mwenzi wao aone. Wanaume nao wamo, ingawa wao huchelewa zaidi kusema.

Kwa hiyo nasikitika ninaposikia, hata kutoka kwa watu wa taaluma yangu, kwamba kuomba ngozi hiyo ikatwe ni tamaa ya urembo. Mtu huyohuyo alipokuwa mnene alisemwa kwamba hajali mwili wake. Sasa amejali, amepungua, na akiomba msaada wa mwisho anasemwa tena kwamba anajipenda kupita kiasi. Kampuni nyingi za bima hufuata fikra hiyo: ngozi ya tumbo inayoning'inia hadi kwenye kinena huweza kukubaliwa kuwa tiba iwapo kuna vipele na vidonda visivyopona, lakini paja mara nyingi huwekwa moja kwa moja kwenye fungu la urembo, ingawa vipele ni vilevile. Ninawashauri wanaosumbuka wasiishie kununua dawa ya fangasi kimya kimya. Waende wakaonwe, tatizo liandikwe kwenye faili kila linapojitokeza, na ikiwezekana lipigwe picha, kwa maana bila kumbukumbu hizo hata daktari anayetaka kuwatetea mbele ya bima hana cha kushika mkononi.

Nikishasema hayo, sitaki mtu yeyote akimbilie kisu kwa sababu ya barua yangu. Upasuaji wa kuinua na kukaza mapaja una faida kubwa kwa mtu anayeufaa, na una gharama ambayo hulipwa kwa mwili. Mgonjwa huondolewa ngozi iliyozidi, na kwa kawaida hupewa kovu refu la kudumu. Anayeona kwamba mabadilishano hayo yana faida kwake ana haki ya kuyataka, mradi ameyajua kabla.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba upasuaji huu haupunguzi uzito. Ngozi yenyewe ina uzito mdogo, na hata daktari anaponyonya mafuta kidogo ili kulainisha umbo kabla ya kukata, kiasi chake hakimfanyi mnene awe mwembamba. Jambo la pili ni mahali kovu litakapokaa. Ikiwa ulegevu ni mdogo na uko juu tu karibu na kinena, daktari anaweza kukata kipande chenye umbo la mwezi mwandamo kwenye mkunjo wa paja na kovu likajificha humo. Lakini kwa wengi waliopungua sana ngozi imezidi kwa mzunguko mzima wa paja, pengine hadi gotini, na hapo mkato wa juu pekee hautoshi. Fundi wa nguo anayetaka kupunguza upana wa mguu wa suruali hawezi kufanya hivyo kwa kukata kiunoni. Ni lazima afumue mshono wa ndani wa mguu kuanzia juu hadi chini. Daktari naye hulazimika kukata kwa urefu wa paja upande wa ndani, na mara nyingine mkato huo hukutana na ule wa kwenye kinena, hivi kwamba kovu hupata umbo la herufi T au L. Mgonjwa anayeahidiwa mapaja yaliyokazwa hadi gotini kwa kovu dogo la kinena tu anapaswa kuuliza maswali zaidi.

Historia ya upasuaji huu inaeleza kwa nini madaktari makini huwa waangalifu sana. Mmarekani J. R. Lewis aliueleza mwaka 1957, na kwa miongo kadhaa ngozi ilivutwa juu na kushonwa kwa ngozi. Uzito wa paja ulikuwa ukivuta mshono kila siku, kovu likateremka kutoka kwenye mkunjo hadi mahali linapoonekana, likapanuka, na kwa wanawake likavuta mashavu ya uke yakaachana, jambo lililoleta ukavu, maumivu na aibu isiyosemeka. Mwaka 1988 daktari mwingine wa Marekani, Ted Lockwood, alieleza njia ya kuutia nanga mzigo huo: tabaka imara lililo chini ya ngozi ya paja hushonwa kwenye utando mgumu unaoitwa utando wa Colles, ambao umeshikamana na mfupa wa nyonga upande wa kinena, ili nguvu ibebwe na utando na ngozi ikutane bila kuvutwa. Mpaka leo madaktari wengi hufuata kanuni hiyo kwa namna moja au nyingine. Nimeieleza kwa urefu kwa sababu inampa mgonjwa swali zuri la kumuuliza daktari wake: je, ngozi yangu utaishikiza kwenye nini? Anayefanya upasuaji huu mara kwa mara atalijibu kwa furaha, na huenda akachora na picha.

Tena kuna vitu vinavyopita hapo ndani ambavyo havipaswi kuguswa. Vena kubwa ya juujuu inayopanda kutoka kifundo cha mguu hadi kinena hupita upande wa ndani wa paja, na ndiyo ambayo madaktari wa moyo huichukua kutengenezea njia mpya ya damu mishipa ya moyo inapoziba. Karibu nayo hupita mishipa ya limfu inayorudisha majimaji kutoka mguu mzima, na penye kinena kuna mkusanyiko wa tezi zake. Daktari akichimba kina kirefu mno akaiharibu mishipa hiyo, mguu unaweza kuvimba kwa miezi, na kwa wachache uvimbe hubaki. Ndiyo maana mkato huu, ambao kwa mtu asiyejua unaonekana kuwa wa ngozi tu, hautakiwi kufanywa na mtu aliyejifunza kwa kutazama. Ni kazi ya daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, katika hospitali yenye mtaalamu wa dawa za usingizi, kwa maana wengi hufanyiwa wakiwa wamelala kabisa kwa saa 2 au zaidi.

Sasa nifike kwenye kidonda, ambacho ndicho ninachokifahamu kuliko mengine yote na ambacho kwenye matangazo hakitajwi. Ukiambiwa uchague mahali pabaya pa kuweka mshono mrefu mwilini, ungechagua hapo: pana joto na jasho, pako karibu na njia ya haja kubwa na ndogo, panakaliwa, na hupinda kila mtu anapoketi, anaposimama na anapotembea. Juu ya hayo, mgonjwa mwenyewe mara nyingi bado ana upungufu wa protini na madini tangu alipopungua. Haishangazi basi kwamba vidonda hivi vinasumbua. Mwaka 2015 madaktari wa Pittsburgh nchini Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 106 waliofanyiwa upasuaji wa mapaja baada ya kupungua sana, na takriban thuluthi mbili yao walipata angalau tatizo moja. Kwa karibu nusu ya wagonjwa wote mshono uliachia mahali fulani, na kwa robo ya wote majimaji yalijikusanya chini ya ngozi. Hayo yalitokea mikononi mwa wataalamu wanaofanya kazi hiyo kila siku. Mengi ya matatizo hayo ni madogo na hupona kwa kusafishwa na kufungwa bandeji bila kurudi chumba cha upasuaji, na ni lazima niliseme hilo ili nisimtishe mtu bure. Lakini dogo kwa daktari huweza kuwa kubwa kwa mtu aliyeko nyumbani ambaye, wiki ya pili baada ya upasuaji, anainama na kuona tundu penye makutano ya mishono karibu na kinena, wala hajawahi kuambiwa kwamba jambo hilo hutokea mara nyingi.

Mgonjwa aliyeandaliwa huliona tundu hilo, hupiga simu, huja, tunasafisha, tunafunga, na baada ya wiki kadhaa linajaa nyama mpya kutoka chini. Asiyeandaliwa hulificha. Hudhani amekosea mahali, hupaka vitu vya nyumbani, hukaa hadi harufu itokee na homa ipande, na anapofika kwetu usaha umeshaenea na pengine ni lazima alazwe tena. Tofauti ya watu hawa wawili mara nyingi haitokani na ustadi wa aliyewashona. Inatokana na mazungumzo ambayo mmoja alipata na mwingine hakupata. Kama kuna jambo moja ningependa daktari asiliache kamwe, ni kumwambia mgonjwa kwa maneno ya wazi: huenda mshono wako ukaachia sehemu ndogo, hilo likitokea si kosa lako, na namba ya kupiga ni hii.

Maisha ya wiki za kwanza nayo yanafaa kuelezwa kama yalivyo. Mgonjwa huamka akiwa amevalishwa nguo ya kubana kuanzia kiunoni hadi magotini, na mara nyingine ana mirija midogo ya kutoa majimaji ambayo huondolewa yakipungua. Siku hiyohiyo au inayofuata tunamsimamisha atembee, hata akilalamika, kwa sababu hatari tunayoiogopa kuliko kidonda ni damu kuganda kwenye vena za mguu na bonge kusafiri hadi kwenye mapafu. Baadhi hupewa pia sindano za kuzuia damu isigande. Anatembea kwa hatua fupi. Hatakiwi kutanua miguu, kuchuchumaa wala kukaa kwa muda mrefu bila kuinuka. Akienda haja hujisafisha kuelekea nyuma, hujikausha kwa kubonyeza taratibu bila kusugua, na atahitaji mtu wa kumsaidia nyumbani kwa siku za mwanzo, hasa kama ana watoto wadogo wa kubebwa. Wengi wenye kazi za kuketi hurudi kazini baada ya wiki 2 au 3 mambo yakienda vizuri. Mazoezi mazito husubiri takriban wiki 6, na nguo ya kubana huvaliwa kwa karibu muda huohuo. Kovu lenyewe huwa jekundu au jeusi na gumu kwa miezi, na huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kufikia sura yake ya mwisho. Wenye ngozi nyeusi wanapaswa kuulizwa bila kukosa kama wao au ndugu zao hupata makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha, yaani keloidi, kwa kuwa kwetu jambo hilo ni la kawaida zaidi na mkato wa paja ni mrefu.

Mengi ya matatizo hayo hupunguzwa miezi kabla ya siku ya upasuaji, na hapo nina ombi la subira kwa wanaotamani kumaliza haraka. Uzito unapaswa kuwa umetulia kwa angalau miezi 6; kwa waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, kwa kawaida inakuwa mwaka mmoja au mmoja na nusu tangu siku ile. Anayekatwa ngozi huku bado anapungua atalegea tena, na anayekatwa kabla ya kupungua vya kutosha huponyesha kidonda kwa taabu zaidi. Sigara na kila chenye nikotini kiachwe wiki 4 au zaidi kabla na baada, kwani nikotini hubana mishipa midogo ya damu ambayo ndiyo inayolisha kingo za mshono. Daktari anayekataa kumpasua mvutaji anamwokoa, hata kama mgonjwa anaona anaonewa. Sukari iwe imedhibitiwa. Damu ipimwe, na kiwango cha protini, madini ya chuma na vitamini B12 kijulikane, kwa kuwa aliyepunguzwa tumbo huweza kuonekana na afya tele na bado mwili wake hauna cha kujengea ngozi mpya.

Hapa nawaomba pia wanaotumia sindano mpya za kupunguza uzito wasifiche habari hiyo. Marekani iliidhinisha semaglutaidi kwa ajili ya uzito mwaka 2021 na tirzepataidi mwaka 2023, na dawa hizi zimewafungulia njia watu ambao njia nyingine ziliwashinda. Lakini hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula, hivi kwamba mtu aliyefunga kula usiku kucha bado anaweza kuwa na chakula tumboni anapolazwa usingizi, na chakula hicho kikipanda kikaingia kwenye mapafu ni hatari ya kufa. Mtaalamu wa usingizi lazima ajue dawa ni ipi na ilichomwa lini. Nadhani pia kwamba dawa hizi zitaongeza sana idadi ya watu wenye ngozi iliyozidi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2022 mtu 1 kati ya kila 8 duniani alikuwa akiishi na unene uliopitiliza; hata sehemu ndogo tu ya hao ikipungua kwa kiasi kikubwa, wodi zetu zitajaa maswali ambayo leo hayajaandaliwa majibu.

Kuna watu wengine ambao si wa upasuaji huu kabisa, na kuwatambua ni wajibu. Mwanamke ambaye miguu yake ni minene kwa uwiano pande zote mbili, inauma ikibonyezwa, inapata michubuko upesi, na unene unakatika ghafla penye kifundo ilhali nyayo ni za kawaida, huenda ana lipidema, ugonjwa wa mafuta ulioelezwa na Allen na Hines wa Mayo Clinic mwaka 1940 na ambao hata leo madaktari wengi hupita bila kuuona. Huyo hulaumiwa kwamba hajitahidi, kwa kuwa kiwiliwili kinapungua na miguu inabaki. Akikatwa ngozi kama aliyepungua kawaida, tatizo lake halijaguswa. Vilevile aliye na mguu uliovimba kwa kuziba mishipa ya limfu anahitaji uchunguzi mwingine kwanza, kwa maana mkato kwenye kinena unaweza kumharibia kile kidogo kilichobaki.

Nimeulizwa mara nyingi kama si vizuri kukata ngozi ya tumbo, mikono na mapaja siku moja ili mtu aumie mara moja tu. Mimi naona si vizuri, na wataalamu wengi ninaowaheshimu hawafanyi hivyo. Kila saa inayoongezeka chini ya dawa ya usingizi huongeza hatari ya damu kuganda, na mwili wenye vidonda pande zote hauna pa kulalia. Mara nyingi tumbo na makalio hutangulia, kwa sababu kuinua sehemu hizo huvuta pia upande wa nje wa mapaja, na daktari hupata kuona ni ngozi kiasi gani kweli iliyobaki ndani. Wapo ambao baada ya hatua hiyo hutosheka.

Na wapo wanaochagua kutokukata chochote. Uamuzi huo nauheshimu sawasawa na mwingine, na wenye uamuzi huo nao wanahitaji huduma: kukausha mikunjo vizuri baada ya kuoga, kupaka krimu ya kuzuia msuguano, kuvaa kaptura laini ya kubana chini ya nguo, kutibiwa fangasi mapema bila kusubiri ngozi ipasuke. Muuguzi anaweza kufundisha haya kwa muda mfupi sana, lakini ni nadra mtu aliyepungua kuitwa aje kufundishwa, kwa kuwa kwenye rejesta huhesabiwa kuwa amepona.

Ndugu Mhariri, ombi langu kwa gazeti lako ni dogo. Mwandishi atakapokwenda tena kuzungumza na mtu aliyepungua uzito mkubwa, amuulize pia kuhusu ngozi yake, kwa heshima na kwa ruhusa yake. Akizungumza na daktari anayefanya upasuaji wa mapaja, amuulize ni wagonjwa wangapi kati ya wake mshono wao uliachia, na ni nani anayewahudumia baada ya hapo. Na kuhusu picha za kabla na baada: nyingi hupigwa kwa mbele, miguu ikiwa imefungwa pamoja, mkao ambao unalificha kovu lote la upande wa ndani. Mkizichapisha, naomba muandike chini yake ni muda gani umepita tangu upasuaji, na kama mhusika anaridhia, iwepo picha moja ambayo mguu umegeuzwa ili wasomaji walione kovu.

Wako mwaminifu,
Muuguzi wa upasuaji